Bwana Alivyonitoa Kwenye Hofu ya Kuhesabu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa mbele kwa wanakwaya, na asifiwe kule nyuma karibu na mlango, kwa wale wanaotaka kutoka mapema wakaangalie sufuria. Sitawachelewesha. Mchungaji amenipa dakika kumi, na wote mnajua dakika kumi za mtu wa milimani ni ngapi.

Kwa wageni wasionijua, naitwa Gadi, mtoto wa Mama Nyamahoro, yule mama mwenye kitenge cha kijani kwenye safu ya pili. Nimezaliwa kwenye milima ya Kivu ya Kusini, nimekua nyuma ya ng'ombe, na leo mimi ni kocha mkuu wa besiboli katika chuo kimoja hapa kusini ya Buffalo, jirani na Lackawanna. Kocha mkuu, ndugu zangu. Si msaidizi, si mtu wa kubeba maji. Nimeonywa kwamba ushuhuda usiwe na majivuno, lakini Mungu akikupa kitu kikubwa halafu ukakisema kwa sauti ndogo, ni kama unamwonea haya. Kwa hiyo mtanivumilia.

Mzee Bizuru, yule pale anayetabasamu, amekuwa akiniuliza swali moja kwa miaka mingi. Kila Jumapili baada ya ibada ananishika mkono na kusema, "Gadi, ya mpira tumesikia. Sasa kazi utaanza lini?" Mzee, leo utajibiwa.

Kuna watu wametolewa kwenye pombe, wengine kwenye hasira, wengine kwenye mambo ambayo hayasemwi mbele ya watoto. Mimi Bwana alinitoa kwenye hofu ya kuhesabu. Msicheke. Wale wa kwetu hawacheki, naona wamenyamaza.

Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi, na ungemwuliza ni wangapi, angekutazama kana kwamba umemtukana. Jioni alisimama kwenye mlango wa zizi, akawaangalia wakiingia, na akisema Gaju hayuko, basi Gaju hayuko. Aliwajua kwa pembe, kwa mwendo, hata kwa kukohoa. Kuwahesabu ilikuwa ni kuita msiba. Na watoto vilevile. Hakuna mama wa kwetu aliyenyoosha kidole akahesabu watoto wake.

Vita ilipotufikia, baba alibaki na ng'ombe na hatukumwona tena. Mama akatutoa kwa miguu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mkubwa wa wote. Tulitembea siku nyingi katika kundi kubwa la watu, tukavuka mto, tukafika ng'ambo ya mpaka. Pale alikuwako mtu mwenye daftari. Akamwuliza mama, watoto wangapi? Kwa mara ya kwanza nikamsikia mama akitaja idadi. Akasema, saba. Yule mtu akatupitisha mmoja mmoja, akimgusa kila mtoto kichwani kwa kalamu. Akasema, sita. Mama akasema tena, saba. Yule mtu akaanza upya, polepole, kwa huruma. Sita.

Aliyekosekana ni Semu, mdogo wangu wa miaka mitano. Mama alidhani amebebwa na shangazi yetu tuliyekuwa tukitembea naye. Shangazi alidhani yuko na mimi. Mimi nilidhani yuko na mama. Wanaume walirudi kumtafuta siku mbili, na hajapatikana mpaka leo.

Tangu siku ile mama hakutaja tena idadi ya watoto wake. Ofisini wakimwuliza, alijibu, "Niko na batoto bale Mungu alinipa," na shangazi ndiye aliyejaza karatasi. Mimi nami nilibaki na ile kalamu kichwani. Akili ya mtoto ni akili ya mtoto. Nilisadiki kwamba kabla ya kuhesabiwa tulikuwa saba, na tulipohesabiwa tukawa sita. Kwangu mimi, ile hesabu ndiyo iliyomchukua Semu.

Bon, basi. Mungu akatuleta Amerika, mji wa Louisville, nikiwa na miaka kumi na sita. Mama alipata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, sisi tukapelekwa shule. Siku moja mwalimu wa michezo alinikuta nyuma ya shule nikitupa mawe kwenye nguzo ya uzio. Alidhani naharibu mali. Nilikuwa nakumbuka nyumbani tu. Mchungaji wa ng'ombe hampigi ng'ombe kwa jiwe. Analitua mbele ya pua yake, mnyama ageuke mwenyewe, na ukikosea kidogo unamtoboa jicho, halafu utamweleza nani? Yule mwalimu akanipa mpira mweupe, akasimama mbali, akaweka glovu karibu na goti. Nikautua humo. Akaihamisha begani. Nikautua humo. Akavua kofia yake na kuniangalia, nami nikajua nimepata rafiki.

Ndivyo nilivyoingia kwenye besiboli. Nilirusha mpira shuleni, nikarusha miaka miwili katika chuo kidogo cha pale pale mjini, halafu bega likafa. Nililia sana, sifichi. Lakini Bwana alikuwa amenificha zawadi nyingine. Niliweza kumtazama kijana anavyotembea kurudi kwenye nafasi yake na kujua amechoka, ameumia, au amegombana na mchumba. Ni jicho la baba yangu, nililopewa bure. Nikawa nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi asubuhi, na alasiri nafundisha watoto wa mtaani kwetu. Huko ndiko Kocha Randall wa chuo kimoja cha mji wa Columbus alikoniona, akaniambia, njoo unisaidie na warushaji wangu. Mwaka wa kwanza hakuna mshahara.

Nilikubali hata kabla hajamaliza sentensi! Nikaenda kuishi Hilliard, pembeni ya Columbus, kwa binamu yangu, nikapata ghala lingine, na alasiri nikawa uwanjani. Wakati huohuo mama na wadogo zangu walihamia hapa Buffalo kuwafuata ndugu. Ni hapo Mzee Bizuru alipoanza lile swali lake, kwa simu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Katika besiboli kuna mtu anayeitwa mrushaji. Kazi yake ni kutupa mpira kwa nguvu zote, tena na tena. Mkono wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo kila mtupo unahesabiwa, na idadi ikifika kiasi fulani kijana anatolewa, hata kama analia. Kocha Randall alinipa kidude kidogo cha kushika mkononi. Kila mtupo, unabonyeza kwa kidole gumba. Mtoto wa miaka saba anaweza.

Mimi nilishindwa. Kila nikibonyeza niliiona ile kalamu ikigusa kichwa. Siku ya tatu nikakitia kidude mfukoni na nikawa natazama kwa macho tu. Kocha akiuliza ngapi, nilibuni. Sitini na nne. Sabini na moja. Na kwenye karatasi nikaandika hivyohivyo. Ndugu zangu, jicho halikunikosea kwa msimu mmoja na nusu. Nikaona ninao ujuzi kuliko wazungu na vidude vyao. Nikajitafutia hata Neno la kujitetea: si kuna mfalme aliyewahesabu watu wake na tauni ikaja? Mtu akitaka kupotea, hata madhabahuni atapata njia.

Kulikuwa na kijana anaitwa Caleb, mpole, mwenye mkono wa ajabu. Baba yake alimlea hivi: mwanaume haonyeshi maumivu. Alasiri moja ya baridi Caleb alikuwa akirusha, na mwendo wake ulikuwa mzuri, uso umetulia. Kocha akaniuliza, ngapi? Nikasema themanini na mbili. Akamwacha aendelee. Ng'ombe hajui kudanganya, lakini kijana anajua, na mimi hilo sikuwa nimelifikiria. Mitupo michache baadaye alikishika kiwiko na kupiga magoti, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake akilia.

Walimpasua. Daktari akasema mwaka mzima bila mpira, na baada ya hapo tutaona. Baba yake alikuwa ameurekodi mchezo wote kwa simu. Alikaa akahesabu. Mitupo mia moja na ishirini na tisa. Akaja chuoni na ile hesabu, na wakubwa wa michezo wakachukua karatasi yangu yenye themanini na mbili, wakasema wazi kwamba Kocha Randall ndiye aliyemwagiza msaidizi wake aandike uongo ili amtumie kijana. Randall alijibu neno moja tu, kwamba karatasi ya timu yake ni jukumu lake. Jina langu hakulitaja. Walikuwa wanamfukuza.

Na mimi? Nilinyamaza siku nne. Nilienda kazini, nilirudi, nilikula. Nilijiambia kwamba nikisema, nitarudi ghalani maisha yangu yote, na nani tena atampa kazi mtu aliyeharibu mkono wa mtoto wa watu? Nilikuwa nalipenda lile jina la kocha kuliko nilivyompenda aliyenipa. Aibu hiyo naibeba mbele yenu bila kuifunika.

Siku ya tano mama alipiga simu, sauti yangu ikaniumbua. Nikamweleza yote, hata jambo la kidude, hata la kalamu. Nikamwambia, "Mama, siwezi kuhesabu. Hesabu ndiyo ilimchukua Semu."

"Gadi, unakumbuka mto?" akasema.

"Nakumbuka, mama."

"Mbele ya kuvuka, tukiwa bado upande wa kwetu, shangazi yako aliniambia, tuhesabu batoto. Mimi nilikatala. Nilimuambia, kwetu hatuhesabu. Semu alikuwa anakosekana tayari. Donc, kama ningehesabu pale, ilikuwa kurudi nyuma kidogo tu kumuchukua."

Miaka yote ile alikuwa amelibeba hilo peke yake.

"Hesabu haikumuchukua Semu, mutoto wangu," akasema. "Ni mimi nilikatala kuhesabu. Na ule muchungaji wa kondoo mia, alijua je kama moja amepotea? Si alihesabu? Sasa wende useme ukweli. Usiache ule muzungu abebe muzigo yako."

Nilienda. Nilisema mbele ya wakubwa wote wa michezo, Kocha Randall akiwa amekaa pembeni anaangalia viatu vyake. Randall alibaki na kazi yake. Mimi niliondolewa siku hiyohiyo. Nje kwenye maegesho aliniambia, "Ungeniambia siku ya kwanza kwamba huwezi, ningempa mtu mwingine kile kidude. Ilikuwa rahisi hivyo." Akaingia kwenye gari, na hatukuongea tena kwa zaidi ya mwaka. Nilienda pia nyumbani kwa akina Caleb. Baba yake alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Nikaja Buffalo kwa mama, mikono mitupu. Nikapata kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari huko Tonawanda, na Mungu wetu, ndugu zangu, ana utani. Mnajua walinipa kazi gani? Kuhesabu! Vipande arobaini na nane kwa kila boksi, siku nzima. Nilikuwa naomba kabla ya kila boksi kama mtu anayepanda ndege. Wenzangu walidhani mimi ni mtakatifu sana. Nilikuwa naogopa tu.

Halafu wakati wa joto kanisa lilipanga kuwapeleka watoto wa shule ya Jumapili kwenye bustani ya kando ya ziwa. Mchungaji akaniita, akasema, wewe simama kwenye mlango wa basi, uwahesabu. Hakujua lolote. Au alijua, sijamwuliza. Nilisimama pale. Sikutumia kidole wala kalamu. Niliweka kiganja kizima juu ya kila kichwa, nikasema kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na nne.

Jioni tukarudi kwenye basi. Watoto wamelowa, wamechoka, akina mama wanataka kwenda nyumbani, dereva amewasha injini. Mtu akasema, "Tuende, bote bako ndani." Nikaweka kiganja tena. Thelathini na tatu. Nikaanza upya. Thelathini na tatu. Nikamwambia dereva azime injini.

Aliyekosekana ni Neema, mjukuu wa Mzee Bizuru. Bibi yake alidhani amekaa na kina dada nyuma. Dada walidhani yuko na bibi. Mnaona? Neno kwa neno. Nikaruka chini na kukimbia nikiita, na nikamkuta nyuma ya vyoo, hatua chache kutoka majini, amechuchumaa anawalisha mabata mkate wake. Akaniangalia, akasema kwa Kiingereza kwamba bado hajamaliza. Nilimbeba. Nilipofika mlangoni mwa basi niliweka kiganja kwenye kichwa chake, nikasema thelathini na nne, na nikaanguka magoti kwenye changarawe mbele ya watu waliokuwa wanachoma soseji zao. Kitu kilinitoka pale, ndugu zangu. Miaka yote ile niliishi na hesabu inayochukua, na sasa nilikuwa nimeona hesabu inayorudisha. Haleluya!

Tangu siku ile hofu haijarudi. Nilimwandikia Caleb barua, nikamweleza kila kitu, hata habari za Semu. Miezi ikapita bila jibu. Wakati huo nilikuwa nimeenda kwenye chuo hiki changu kuomba kazi yoyote. Wakanipa ya kutunza uwanja: kuburuta udongo, kuchora mistari ya chokaa, kupalilia. Kocha wa pale akanikuta nikimwambia mrushaji wake kwamba nyonga yake ya kushoto inauma, naye kijana akakubali. Nikawa kocha wa warushaji. Kocha alipostaafu, nikashikilia nafasi yake misimu miwili, kisha wakatangaza kwamba wanatafuta kocha mkuu wa kudumu. Watu wengi waliomba, wenye vyeti vizito.

Kwenye usaili waliniuliza kwa nini niliondoka Columbus. Ningeweza kuzunguka. Nikawaeleza yote: kidude, themanini na mbili, siku nne za kunyamaza. Wakaandika, wakanishukuru. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, yameisha. Baadaye mkubwa wa michezo alinisimulia kwamba walimpigia Kocha Randall. Alijibu, "Yule ni mtu ambaye hatakosea hesabu tena maisha yake yote. Mchukueni kabla sijamchukua mimi."

Wakanichukua! Jina langu liko kwenye mlango, limeandikwa sawasawa, nimelipiga picha mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Nina vijana thelathini na moja. Msimu huu tulishinda michezo mingi, tukafika fainali ya kundi letu, na hakuna mkono hata mmoja uliopasuliwa. Kidude kile sikumpa msaidizi. Nakishika mwenyewe, na jicho la baba yangu linafanya kazi yake pembeni. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja vizuri kabisa.

Na Caleb? Mkono wake haukurudi kama zamani, hilo siwezi kulipamba. Sasa ni mwalimu wa shule. Barua yangu hakuijibu kwa barua, lakini kila siku ya mchezo simu yangu inalia, na ujumbe wake ni uleule: "Ngapi leo?" Namjibu namba. Hakuna kingine tunachoandikiana, na kwangu inatosha.

Sasa namalizia, kabla sufuria hazijaungua. Siku ile chuo kiliponitambulisha, familia yote ilikuja, hata Mzee Bizuru na tai yake. Msichana mmoja wa gazeti la chuo alimfuata mama na kumwuliza ana watoto wangapi. Dada yangu Rebeka ndiye aliyekuwa anatafsiri, na alikwisha kufungua mdomo kusema lile jibu letu la siku zote. Mama akamshika mkono.

"Saba," akasema. "Sita bako hapa. Moja iko kwa Mungu. Muambie aandike saba."

Rebeka alishindwa kutafsiri. Nilitafsiri mimi.

Mzee Bizuru, kazi nimeanza. Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi mlionihesabu kuwa wenu nilipokuja hapa bila kitu. Na wewe ndugu yangu unayenisikiliza, ambaye kuna jambo unaogopa kulitazama kwa sababu unajua utalikuta limepungua, mwamini Bwana, litazame. Yeye anawajua hata wale tuliowapoteza njiani. Leo mkifika nyumbani, kabla ya kugawa chakula, wekeni kiganja kwenye kichwa cha kila mtoto na mhesabu kwa sauti. Na yule ambaye hayupo mezani, msimruke.

Mama, simama kidogo kanisa likuone. Mama wa watoto saba.